Baba Hakuhesabu Nati

Baba yangu alikuwa anafungua pikipiki yake mara moja kila mwaka, wakati wa kiangazi, mahindi yakishaingia ghalani na njia ya kushuka kutoka kwetu Nyanungu ikiwa imekauka. Haikuwa lazima iwe imeharibika. Aliifungua kama wengine wanavyopaka nyumba chokaa kabla ya Krismasi. Asubuhi hiyo alikuwa anakunywa chai amesimama, anavaa koti la kijani alilostaafu nalo, kisha anatandika ngozi ya ng'ombe uwanjani. Mama aliwafungia kuku bila kuambiwa.

Ngozi ilitandikwa manyoya yakiangalia chini, kwa sababu nati ikiingia kwenye manyoya utaitafuta mpaka ulie. Juu yake alipanga magunzi ya mahindi yaliyopukuchuliwa msimu uleule. Kila bolti ndogo aliyoitoa aliichomeka kwenye gunzi kwa mpangilio iliotoka nao, ya kwanza upande mnene, ya mwisho kwenye ncha. Kulikuwa na gunzi la mfuniko wa klachi, gunzi la kabureta, gunzi la tangi na siti. Bolti kubwa hazikuingia kwenye gunzi, kwa hiyo akishatoa kile zilichokuwa zimeshika, alizirudisha kwenye matundu yake na kuzizungusha kidogo kwa vidole, zikae hapo zimsubiri. Washa, vile vipete bapa vya chini ya nati, alizivisha kwenye bolti zake palepale. Hakuruhusu kitu kilale peke yake juu ya ngozi.

Na alizizungumzia kama viumbe. "Huyu ni wa breki," alikuwa anasema, ameshika nati kati ya vidole viwili na kuielekeza kwenye mwanga. "Huyu mwenye kovu nilimpata Mugumu, mwaka ule wa ukame. Huyu mfupi anajifanya wa tangi, lakini ni wa siti, mimi namjua." Mama akipita na ndoo alimwuliza kama leo wote wamekubali kutoka. Baba alijibu kwamba kuna mmoja mkaidi, ila wataongea. Wazazi wangu hawakuwa watu wa maneno mengi, na siku ya pikipiki ndiyo siku niliyowasikia wakitaniana mpaka jioni.

Pikipiki hiyo zamani ilikuwa nyekundu. Baba alipewa kwa ajili ya kazi alipokuwa bwana mifugo upande wa Serengeti, akizunguka kwenye majosho ya Nyansurura, na ofisi ilipoiuza kama chakavu aliinunua mwenyewe, akavuka nayo Mto Mara, akaja nayo nyumbani. Vijana wa bodaboda walimtania kwamba inakohoa. Yeye aliwaambia kwamba kinachokohoa kiko hai. Alikwenda nayo kanisani, mnadani, kwenye misiba, na kwa yeyote aliyekuwa na ndama mgonjwa, kwa maana watu wa huku hawajali kwamba umestaafu. Mvua au vumbi, alifika.

Mimi nilirudi kuishi kwa wazazi nikiwa mtu mzima, baada ya ndoa ambayo haina cha kusimulia hapa. Nafundisha darasa la kwanza katika shule iliyo karibu na nyumbani. Kazi yangu, ukiondoa kufuta kamasi, ni kufundisha watoto kuhesabu, na tunahesabia vizibo vya soda. Kwa hiyo kitu cha kwanza kilichonikera kwenye ufundi wa baba ni kwamba hakuwahi kuhesabu. Alikuwa anafungua chombo kizima, anajaza magunzi, na ukimwuliza bolti ni ngapi anakuangalia kana kwamba umemwuliza ana nywele ngapi.

Siku moja fundi wa pale senta, aliyekuja kuazima spana, alijaribu kumshauri kwa adabu.

"Shikamoo mzee. Mzee wangu, ungekuwa unahesabu kabla ya kufungua. Ukimaliza kufunga, unajua kama kuna iliyobaki."

"Marahaba. Na ninyi kwenu, ng'ombe mnawahesabu?"

Fundi akacheka, akaangalia chini. "Hapana, mzee."

"Basi," baba akasema, akampa spana.

Asiyetoka huku atahitaji maelezo kidogo. Katika ukoo wetu mwenye ng'ombe hahesabu ng'ombe wake. Hasemi wapo wangapi, na wewe humwulizi. Ukimwuliza atakujibu kwamba wapo wapo tu, kisha atakuona huna adabu. Kuwahesabu ni kuwaita wapungue. Baba alihesabu ng'ombe wa watu maisha yake yote ya kazi, kwa sababu serikali ilitaka takwimu za majosho, na wenyewe walimdanganya, naye aliandika uongo wao kwa mwandiko mzuri. Wa kwake hakuwahesabu hata siku moja. Jioni, mchungaji akiwaleta, alisimama kwenye lango la zizi, mkono mmoja juu ya nguzo, akiwaangalia wakiingia. Midomo haikutikisika. Wa mwisho akishapita alisema tu, "Yule wa madoa amebaki mtoni," na mchungaji alirudi, na kweli alimkuta mtoni.

Kuna siku moja tu ambayo ng'ombe wa kwetu huhesabiwa kwa sauti, kila mtu akisikia. Ni siku ya kugawa mali ya marehemu. Wazee hukaa, ng'ombe hupitishwa mbele ya watoto wa aliyekufa, na hapo ndipo huhesabiwa.

Kwa nati alifanya vilevile. Alizijua kwa sura. Akimaliza kufunga, alitupa jicho juu ya ngozi na yale magunzi matupu, akajua kama kuna ambaye hayupo nyumbani kwake. Sikumbuki akikosea, mpaka alipoanza kukosea.

Kiangazi kimoja ilibaki bolti kwenye gunzi. Niliiona mimi, nikiwa napeleka magunzi jikoni kuwashia moto. Nikamrudishia. Aliigeuzageuza, akasema ni ya zamani, ilikuwa imezidi. Nikamtania kwamba pikipiki imezaa. Alicheka, lakini alichelewa kucheka, kama mtu anayecheka kwa sababu wenzake wamecheka. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, sikulifikiria zaidi.

Halafu mambo yakafuatana. Alianza kufungua pikipiki nje ya msimu. Leo anatoa siti, kesho kutwa anaitoa tena, na akiulizwa anasema kuna kitu kinagonga. Magunzi yakavurugika. Bolti ndefu na fupi zilisimama pamoja bila utaratibu wowote, na nyingine alizilaza ovyo juu ya ngozi, ambayo sasa aliitandika manyoya yakiwa juu. Hilo la manyoya liliniuma kuliko yote. Nilikuwa mlangoni siku nilipomwona akipapasa ndani ya manyoya kwa mikono yote miwili, akitafuta kitu, huku akigeukageuka kuona kama kuna anayemtazama. Baba yangu alikuwa anaona aibu mbele ya pikipiki yake mwenyewe. Nilirudi ndani nikajifanya sijamwona.

Alipokwenda Kemambo kuzika mwenzake wa kazini, alirudi mchana wa jua kali akiisukuma. Suruali imechanika, goti linavuja damu. Nati ya ekseli ya gurudumu la nyuma haikuwepo. Ekseli ilikuwa imechomoza, gurudumu likacheza, akaanguka kwenye kona ya mteremko, kwa bahati akaangukia upande wa shamba la mihogo na sio upande wa korongo. Baba alisema nati imeibiwa msibani. Alisema watu wa siku hizi wanaiba mpaka wanakozika. Aliongea kwa hasira, na nilitamani sana iwe kweli. Nilitamani huyo mwizi awepo, nimtukane mpaka nichoke.

Kaka yangu anafanya biashara Sirari, na siku hizi anaongea kama watu wa upande wa pili wa mpaka. Alipiga simu jioni ileile.

"Chukua hiyo kifunguo ufiche," akasema. "Mzee akianguka kwa ile mlima utasema nini? Wacha akae, apumzike. Amefanya kazi ya kutosha huyo."

"Njoo umnyang'anye wewe."

"Si unajua niko bize na duka?"

"Basi nyamaza," nikamwambia, nikakata simu. Mimi si mpole, na sijawahi kujitangaza kuwa mpole. Lakini alikuwa anasema kweli, ndiyo maana nilikata.

Mama alikuwa karibu yangu muda wote huo, akipepeta ulezi. Alipoona nimeweka simu alinyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na kopo la siagi. Akalimimina kwenye ungo. Zilikuwa bolti, nati na washa, nyingine zimeshika kutu, nyingine bado zina oili. Alikuwa anaziokota anapofagia uwanja, chini ya meza, kwenye mifuko ya lile koti la kijani siku za kufua. Moja aliikuta ndani ya sufuria ya maziwa.

"Tangu lini, mama?"

"Kabla hujarudi."

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Alianza kuzirudisha kwenye kopo, polepole, akiifuta kila moja kwa upindo wa kanga.

"Nimwambie nani? Nikimwambia yeye, atajua kwamba mimi najua. Chuma ni chuma, mwanangu, kinapotea. Sisi tumwangalie langoni. Kama bado anawajua ng'ombe wake, mwache."

Hicho ndicho kikawa kipimo chetu. Kila jioni mama alikaa mlangoni pa jiko akichambua mboga, mimi nikakaa na madaftari yangu, wote tukijifanya tuna kazi, masikio yetu yako zizini. Ng'ombe waliingia. Tulisubiri. "Mwenye pembe iliyovunjika anachechemea," baba alisema, na mama aliniangalia. Mchungaji aliinua kwato za yule ng'ombe, akatoa mwiba. Siku hiyo tulikula ugali wetu kwa amani, mama akamwongezea baba nyama bila sababu.

Tulimpeleka hospitali mjini. Nesi mmoja, mgeni wa huku kwa namna alivyokuwa anaongea taratibu, akamwuliza leo ni siku gani. Baba akamjibu kwamba mstaafu hana siku. Nesi akacheka, na sisi tukacheka. Akamwuliza mwezi. Baba akasema ni mwezi wa kiangazi, kwani yeye haoni vumbi? Akamwuliza mimi ni nani. Baba aliniangalia kwa muda, akasema, "Huyu ni mama yangu." Mimi nilipewa jina la bibi mzaa baba, na tangu nizaliwe ameniita mama, kwa hiyo lilikuwa jibu sahihi kabisa. Nesi akaandika. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza kama alikuwa amejibu au amekwepa, na sikuwa na namna ya kujua.

Daktari alituita pembeni, mama na mimi. Alisema ni maradhi ya kusahau ambayo huja na umri, kwamba hayarudi nyuma, na kwamba mzee asiendeshe chombo chochote.

Kusema ni rahisi ukiwa na koti jeupe. Baba yangu bila pikipiki angekuwa mzee wa kukalishwa kwenye kiti cha plastiki na kuulizwa kama amekula. Baba yangu juu ya pikipiki iliyofungwa na mikono ile angekufa kwenye mteremko, na hakungekuwa na shamba la mihogo kila mara. Nililia kwa hasira kwa sababu nilitaka vyote viwili, aishi na abaki yeye. Nikaona njia ni moja. Nijue bolti na nati zake ni ngapi. Nikishajua, kila akimaliza kufunga nitazihesabu, zilizokosekana nitazitafuta kwenye kopo la mama, nitazikaza mwenyewe akiwa amepumzika mchana. Hatajua kitu.

Jumamosi moja asubuhi alikwenda kwa jirani kuangalia ndama. Nikachuchumaa kando ya pikipiki na kuanza, kutoka gurudumu la mbele kwenda nyuma. Kwa kuwa ni mwalimu wa darasa la kwanza, sijui kuhesabu kimya. Ninagusa, ninatamka. Nilikuwa nimefika kwenye injini nilipoona kivuli kimelala juu ya tangi.

"Unahesabu nini, mama?"

Nilitafuta uongo, sikuupata. "Nati, tata."

Nilimwita tata, kwa Kikurya, kama nilivyomwita nikiwa mdogo. Siku za kawaida namwita baba.

"Nati zangu?"

"Zako."

Kisha akauliza, "Kwani nimekufa?"

Hakusema kwa ukali. Ukali wake ningeuweza, maana hasira zetu zinafanana. Aliuliza kama mtu anayetaka kuambiwa, kana kwamba kuna habari imefika nyumbani na sisi wengine tumeshaipata. Mama alikuwa ametoka jikoni, amesimama na mwiko mkononi. Nilianza kulia palepale nilipokuwa nimechuchumaa, mtu mzima, mwalimu wa watu, mkono bado uko juu ya injini.

Baba aliondoka akaenda nyuma ya nyumba. Nilidhani amekwenda kukaa peke yake, kama afanyavyo akiudhika. Alirudi na ngozi begani na magunzi ndani ya ndoo. Akaitandika ngozi, manyoya juu. Mama aliweka mwiko chini, akaja, akashika pembe mbili za ngozi na kuinua. Baba alimwangalia, akaelewa, akashika upande wake. Wakaigeuza pamoja, kama shuka.

"Endelea," akaniambia. "Mimi nafungua, wewe hesabu."

Tulifungua mfuniko wa klachi na kabureta tu. Baba alilegeza kwa spana, akamalizia kwa vidole, akanikabidhi, nami nikatamka idadi na kuichomeka kwenye gunzi. Mwanzoni niliongea chini chini. Akaniambia niongeze sauti, yeye hasikii vizuri siku hizi. Kwa hiyo nilihesabu kwa sauti ya darasani, uwanjani kwetu, mali ya baba yangu aliye hai, na jirani aliyekuwa akipita njiani alipunguza mwendo, akaangalia, kisha akaendelea na safari yake bila kusalimia. Najua alichofikiri. Baba naye alijua. Aliinama zaidi juu ya injini.

Mikono yake ilikuwa bado inajua. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliangalia. Vidole vilikaza pale pa kukaza na kulegeza pale pa kulegeza, vikafuta tope kwenye meno ya bolti kwa ukucha wa kidole gumba, kama zamani. Kisha vilisimama hewani, vimeshika kitu, vikingoja kuambiwa kinakwenda wapi. Nikimwelekeza vilikwenda. Nisipomwelekeza vilibaki hapohapo. Saa nyingine alinyoosha tu mkono kwenye gunzi, akachukua iliyo karibu, akajaribu tundu hili, akajaribu lile, bila kunitazama.

Tulipomaliza kufunga, hesabu yangu ilipungua kwa moja. Sikuhitaji hata kuitafuta. Ilikuwa imebaki kwenye gunzi, peke yake.

"Imebaki moja, tata."

Aliichomoa. Akaishika kati ya vidole viwili, akaielekeza kwenye mwanga, akaigeuza upande mmoja, akaigeuza wa pili. Mimi na mama tulisubiri. Niliomba Mungu. Niliomba kweli kweli, kwa ajili ya bolti fupi ambayo dukani wanaokota kwenye boksi bila kuangalia.

"Huyu ni wa wapi?" akaniuliza.

Niliangalia mfuniko, nikaangalia kabureta, nikaangalia kila mahali, sikuona tundu lililokuwa tupu. Nilikuwa na idadi, na idadi haikuniambia ni ya wapi. "Sijui, tata."

"Mimi pia simjui."

Aliilaza juu ya ngozi. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa ufunguo wa pikipiki, akauweka kando ya ile bolti. "Mwambie yule wa Sirari aje aichukue pikipiki," akasema. Ufunguo ulikaa pale mpaka jua la mchana likapita. Kila aliyepita aliuzunguka, hakuna aliyetaka kuwa wa kuuokota.

Kaka yangu alikuja na gari dogo la mizigo na vijana wa kupakia. Safari hii hakuwa na maneno. Alipiga magoti, akamsalimia baba shikamoo kwa mikono miwili, akabaki amepiga magoti hata baada ya kuitikiwa. Baba alisimamia upakiaji mwenyewe. Aliangalia kamba walivyofunga, akawaambia wafungue, akawaonyesha pa kupitishia ili tangi lisikwaruzike. Gari lilipoondoka alilisindikiza kwa macho mpaka kwenye kona. Kisha akamwuliza mama ni mgeni gani yule aliyekuja na gari.

Mama alimwambia ni mwanawe. Baba akasema ndiyo, bila shaka. Usiku mama aliniambia, kwa ile sauti yake ya kufunga mjadala, "Bado kuna lango."

Lango lilikuwepo. Jioni baada ya jioni alisimama pale, nasi tukasikiliza. Ila maneno yalianza kupungua. Zamani alikuwa na neno kwa karibu kila ng'ombe, huyu amenenepa, yule anakaribia kuzaa. Sasa alisema tu, "Haya, wameingia." Mchungaji alifunga, maisha yakaendelea. Mama aliacha kuniangalia wakati huo, akawa anainamia mboga zake hata zikiwa zimeshachambuliwa. Tulikuwa tumekubaliana bila kukubaliana kwamba hatutaulizana.

Jioni moja mvua ilitaka kunyesha, na mchungaji aliwaleta mapema. Baba alisimama mahali pake, mkono juu ya nguzo. Mimi nilikuwa naanua nguo. Akaniita kwa mkono, nikaenda na nguo begani. Alisubiri nifike karibu kabisa, ili mchungaji asisikie.

"Nihesabie na hawa," akasema.

Niligeuka kumtafuta mama. Alikuwa mlangoni pa jiko. Asingeweza kusikia kutoka pale, lakini alikuwa ameshaweka mikono kichwani.

Nikawahesabu. Kila aliyepita nilimtamkia namba yake, chini chini, mdomo wangu ukiwa karibu na sikio la baba, naye alitikisa kichwa kwa kila mmoja, kwa makini, kama watoto wangu wa darasani. Wa mwisho alipita. Mchungaji alisimama akisubiri amri.

"Wametimia?" baba akaniuliza.

Nilikuwa na idadi kamili kichwani, na haikunisaidia kitu. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kujua wanatakiwa wawe wangapi. Aliyekuwa anajua kama mmoja hayupo ni yeye, na hakujua kwa namba.

"Wametimia, tata," nikamwambia.

Baba yangu hakuwahi kutegemea neno la mtu kuhusu ng'ombe wake. Alinishukuru, akafunga lango.